Mtetemo na Tone: Asili ya Manyunyu ya Maabara

Mafuta hayawaki yangali kiowevu. Kiwakacho ni mvuke wake, na kwa sababu hiyo mtu atakaye kuujua moto wa injini au wa tanuri hana budi kulijua tone kwanza. Mwaka 1954 Burgoyne na Cohen, wataalamu wa Uingereza, walidhihirisha kwa mafuta ya tetralini kwamba wingu la matone yasiyofika maikrometa 10 huwaka kama gesi tupu, ilhali matone yaliyozidi maikrometa 40 huwaka kila moja peke yake. Ole wake mtafiti aliyetegemea bomba la shinikizo kuyanyunyiza mafuta, kwani kila alipotaka matone madogo aliongeza nguvu ya kusukuma, na kasi nayo ikazidi, asiweze kubainisha kama taathira aliyoiona katika moto imeletwa na udogo au na mwendo.

Dawa ya dhiki hiyo ilikwisha anza kuchipuka zamani. Mwaka 1831 Michael Faraday alichunguza viwimbi vizukavyo juu ya maji yaliyo katika bamba litetemekalo, akatambua kwamba hupanda na kushuka mara moja kwa kila mitetemo miwili ya bamba. Karne ikakaribia kutimia ndipo Wood na Loomis, katika maabara ya Tuxedo Park, Marekani, walipotangaza mwaka 1927 kuwa jiwe la kwatzi lililozamishwa katika mafuta na kutetemeshwa kwa umeme, kwa sauti isiyosikika na sikio la mwanadamu, huyainua mafuta yakawa kichuguu kirushacho matone.

Hayo yalikuwa maajabu. Ilimu yenye mizani ililetwa na Robert Lang mwaka 1962, na kwa rai yangu hajapewa heshima imstahiliyo. Alipima viwimbi na matone, kuanzia mitetemo 10,000 hata 800,000 kwa sekunde, akakuta kipenyo cha wastani cha tone ni sehemu 0.34 ya urefu wa kiwimbi. Kwa kanuni hiyo, maji yatetemeshwayo mara 60,000 kwa sekunde hutoa matone ya kadiri ya maikrometa 27. Tena matone hayo huacha ncha ya kifaa kitetemekacho polepole, yakachukuliwa na hewa ambayo mtafiti huipangia kasi yake mbali kabisa.

Mafuta mazito yenye mnato hayaitii njia hii upesi, na matone hayalingani yote. Lakini katika kutenganisha udogo wa tone na kasi yake, bomba la shinikizo halifui dafu mbele yake.