Kukariri Maandiko Meru: Elimu Iliyobaki Kichwani

Mwishoni mwa Septemba, sharika za Kilutheri huwaachia watoto ibada. Ni Sikukuu ya Mikaeli na Watoto. Kikwe, huko Meru, kusini mwa barabara kuu ya Arusha–Moshi, iko katikati ya eneo ambalo siku hiyo ni kubwa. Mtoto wa miaka mitano husogezwa mbele ya madhabahu, mikono nyuma. Hutaja kitabu, sura na aya, humimina mstari wake kwa pumzi moja, hutaja sura na aya kwa mara ya pili, kisha hukimbilia kwa mama yake. Vigelegele hulipuka.

Historia ya mstari huo ilianza kwa damu. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Misheni ya Leipzig ya Ujerumani, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, muda mfupi baada ya kufika. Jeshi la Wajerumani lililipiza kisasi bila huruma: nyumba zilichomwa, mifugo ikaporwa. Mwaka 1902 wamisionari walirudi wakaanzisha kituo Nkoaranga. Tukiisimulia Nkoaranga huwa tunataja kanisa na hospitali. Kwangu mimi, darasa la ubatizo ndilo lililofanya kazi kubwa zaidi.

Darasa hilo lilitegemea Katekisimo Ndogo ya Martin Luther ya mwaka 1529. Luther aliiandika baada ya kukagua sharika za Saxony na kushtushwa na jinsi watu walivyokuwa hawajui hata mambo ya msingi ya imani yao. Aliipanga kwa maswali na majibu mafupi ili mkuu wa kaya aweze kuwafundisha watu wa nyumbani mwake. Mpango huo ulifaa sana mlimani Meru, ambako vitabu vilikuwa haba na waliojua kusoma walihesabika. Mwalimu alitamka, darasa likaitikia, tena na tena, mpaka Amri Kumi, Imani ya Mitume na Sala ya Bwana zikakaa kichwani. Mtu aliondoka nazo, akaenda nazo shambani na machungani, na jioni akawafundisha wadogo zake bila kuhitaji kitabu.

Faida yake ilionekana wakati wa shida. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Waingereza waliwaondoa wamisionari wa Leipzig, na walimu Waafrika wakabaki na sharika mikononi. Wajerumani walirudi katika miaka ya 1920. Vita ya Pili ikawaondoa tena. Kanisa lililojengwa juu ya wageni na vitabu vyao pekee lingeyumba vibaya. La Meru lilikuwa na watu ambao tayari walikuwa na Maandiko vichwani, na heshima hiyo ni ya walimu na wainjilisti wale, ambao wengi wao hawajaandikwa popote.

Vitabu vilipoongezeka, maneno yenyewe yalibadilika. Biblia ya Karl Roehl, iliyopunguza maneno yenye asili ya Kiarabu, ilitoka mwaka 1937. Mwaka 1952 ikaja ile ya Muungano, ambayo ndiyo inayosikika zaidi makanisani hadi leo. Ndiyo maana aliyekariri Zaburi ya 23 kwa Roehl huisema tofauti na mjukuu wake, na wote wawili wako sahihi. Mwaka 1954 chuo cha theolojia kilihamia Makumira, jirani na Kikwe, kikaendelea kuwaandaa wachungaji wa kusimamia mafundisho hayo.

Leo vijana wa kipaimara bado huulizwa maswali mbele ya usharika, wazazi wakisikiliza kwa wasiwasi. Lakini Biblia iko kwenye simu, na wapo wanaosema kukariri kumepitwa na wakati. Siwaungi mkono. Simu humpa mtu aya anayoitafuta. Aliyekariri hujiwa na aya asiyoitafuta, kitandani hospitalini au msibani. Waliofundishwa kabla ya 1952 sasa ni wazee sana. Sharika zetu zina simu za kutosha kuwarekodi wakisema zaburi zao kwa maneno waliyofundishwa, na kazi hiyo inafaa ianze mwaka huu.