Nani Anajua Waya Umepita Wapi?

Mjomba alianguka kutoka kwenye stuli Jumanne asubuhi, Embu mjini, ndani ya nyumba ya kupanga upande wa Majengo. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Mama mwenye nyumba alitaka rafu ya vyombo jikoni. Mjomba, ambaye alianza kushika drili kabla mimi sijazaliwa, alipima kwa jicho, akagonga ukuta kwa kidole, akasema, "Hapa ni sawa." Drili iliingia kama sentimita tatu hivi. Paa! Nyumba ikawa giza, na mjomba akawa sakafuni ameushika mkono wake.

Stima haikumuua. Alivunjika kifundo cha mkono wa kulia, na kwa fundi huo ndio mkono wa ugali.

Nilipobomoa plasta baadaye nilikuta waya umepita mshazari. Haukushuka wima kutoka kwa swichi, wala haukwenda mlalo kutoka kwa soketi. Ulikata kona kwa kona, kama mtu anayepitia shamba la jirani ili afupishe njia.

"Mama, fundi aliyefunga stima hapa yuko wapi?" nilimuuliza mwenye nyumba.

"Alikufa zamani, kijana wangu. Hata mzee wangu aliyemlipa alishakufa. Nakumbuka tu alisema huyo fundi alimfanyia bei nzuri."

Hiyo bei nzuri imenikaa kichwani tangu siku hiyo. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, uhandisi wa umeme, karo iliponishinda. Mchana namsaidia mjomba kati ya Embu na Meru, usiku naandika. Yeye huniita "injinia", na sijawahi kujua kama ni heshima au ni kejeli. Lakini baada ya ile ajali kazi ya drili iliniangukia mimi, na nikaapa sitatoboa ukuta mwingine bila kujua kilichomo ndani. Kwa hivyo nilianza kutafuta vifaa vya kufuatilia waya, vile ninavyoweza kumudu. Nikiwa kwenye huo msako nikajikuta nasoma historia.

Tuanze na kuta zenyewe. Waingereza waliweka kituo chao Embu mwaka 1906, na Meru mwaka 1908. Kampuni ya East African Power and Lighting ilipoundwa mwaka 1922, ilizaliwa kwa kuunganisha kampuni za umeme za Nairobi na Mombasa. Macho yake yalikuwa kule kwenye reli, bandari na majumba ya wenye pesa. Huku mlimani watu waliendelea na koroboi.

Halafu Mto Tana ukafungwa. Ukishuka kutoka Embu kupitia Kiritiri, unafika kwenye mabwawa ya Seven Forks, mpakani na Machakos na Kitui. Kindaruma lilianza kazi 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya umeme wa Kenya ilitoka hapo. Nyaya nene zilipita juu ya vijiji vya Mbeere zikielekea Nairobi, na chini yake mtoto alisoma kwa taa ya mafuta. Ukimuuliza mzee wa huko kuhusu stima, atakwambia waliijua kwa sauti kabla ya kuijua kwa mwanga: zile nyaya huvuma usiku wa mvua.

Mpango wa serikali wa kupeleka umeme vijijini ulianzishwa 1973, lakini ulitambaa. Mbio zilikuja baadaye sana. Sheria ya Kawi ya 2006 ilileta mamlaka maalum ya umeme wa vijijini, na 2015 ukazinduliwa mradi wa Last Mile, ada ya kuunganishwa ikashuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Ghafla kila mtu alitaka stima na kila kijana mwenye playa akawa fundi. Nyumba zilizojengwa bila kufikiria waya zilichimbwa mifereji haraka haraka, zikapigwa plasta, zikapakwa rangi.

Plasta haijakauka vizuri, intaneti nayo ikawa inabisha hodi. Kebo za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009, TEAMS na SEACOM, na baada ya hapo faiba ikaanza kupanda huku juu. Fundi wa waifai naye akaja na tundu lake la ukutani.

Kwa hivyo ule ukuta wa jikoni Embu, nilipoufungua, ulikuwa kama daftari lililoandikwa na watu wasiojuana. Kulikuwa na waya mwekundu na mweusi, rangi za Kiingereza za zamani. Kando yake kulikuwa na wa kahawia na bluu, rangi ambazo Uingereza yenyewe ilizikamilisha kwa nyumba mwaka 2006. Kulikuwa na kebo nene ya antena ya televisheni iliyokatwa mwisho, na kebo ya bluu ya mtandao iliyoishia hewani. Kila fundi alikuja, akapitisha chake, akafunika, akaenda. Hakuna aliyechora.

Sasa, vifaa. Watu wamekuwa wakitafuta vitu vilivyofichika kwa umeme kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani. Julai 1881 rais wa Marekani, James Garfield, alipigwa risasi, na madaktari wakashindwa kuipata mwilini. Alexander Graham Bell, yule wa simu, alitengeneza kifaa chenye koili ambacho kingetoa sauti kikikaribia chuma. Kilifanya kazi vizuri kwenye majaribio. Kwa rais kilichanganyikiwa, na sababu moja ilikuwa kwamba kitanda chake kilikuwa na springi za chuma. Garfield alifariki Septemba.

Nilipoisoma hiyo hadithi nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu ndiyo shida ya kuta zetu. Kigunduzi cha ukutani bado kinatumia wazo hilohilo la Bell. Ukikipeleka kwenye ukuta wenye waya wa kuku ndani ya plasta, au misumari ya kila mpangaji aliyewahi kuning'iniza kalenda, kitapiga kelele kila mahali. Usilaumu kifaa kabla hujauliza kitanda kimetengenezwa na nini.

Mwezi huohuo wa Julai 1881, Bell huyohuyo alipewa hataza ya kitu kingine: kusokota nyaya mbili za simu pamoja ili kelele za nje zifutane. Fungua kebo yoyote ya mtandao leo utaona jozi nne zimesokotwa. Hilo lina maana kwa anayefuatilia kebo. Kile kifaa cha mlio huja kikiwa viwili: kimoja unakifunga kwenye waya kinapeleka mlio, kingine unapitisha juu ya ukuta kinasikiliza. Ukifunga klipu zote mbili kwenye jozi moja, msokoto unaumeza mlio. Funga klipu moja kwenye waya mmoja na nyingine kwenye jozi tofauti, mlio unapanda. Nilihangaika siku mbili kabla ya kulijua hilo, nikidhani nimeuziwa takataka. Kwa faiba usijaribu kabisa. Kioo hakipitishi umeme, hapo mafundi hutumia taa nyekundu inayomulika ndani ya kebo.

Multimita nayo ina baba yake. Donald Macadie alikuwa fundi wa Posta ya Uingereza aliyechoka kubeba chombo cha kupima volti, kingine cha kupima mkondo na kingine cha kupima ukinzani. Akaviweka vyote kwenye sanduku moja, na mwaka 1923 AVO ikaingia sokoni. Nampenda huyo mtu bila kumjua. Hakuwa anatafuta sifa, mgongo ulikuwa unamuuma tu.

Basi nikaingia sokoni. Kigunduzi kipya cha jina kubwa kilikuwa bei ya kodi yangu ya miezi mitatu, kwa hivyo nikafuata punguzo. Cha kwanza nilinunua kwenye duka moja la mtandaoni, asilimia sitini chini. Kilifika kimefungwa vizuri, kikapiga kelele kwenye ukuta, kikapiga kelele kwenye mlango, kikapiga kelele kwenye kiganja changu. Thao moja na mia nane zikaenda hivyo.

Cha pili nilikipata Nairobi, Luthuli Avenue, kwa muuzaji wa vitu vilivyotumika kutoka Uingereza. Hakikuwa na sanduku, hakikuwa na kijitabu, kifuniko cha betri kilishikwa na selotepu. Nikamwomba anionyeshe kikifanya kazi kwenye waya wa taa ya kibanda chake. Akanionyesha. Nikalipa thao mbili na nusu. Kile cha mlio nilikitoa Meru, Makutano, bei chini kwa sababu klipu moja ilikuwa imepotea. Klipu ni shilingi hamsini.

Hapo ndipo nilipojifunza swali la kuuliza: punguzo limetoka wapi? Kama limetoka kwa sanduku lililopotea, rangi iliyochubuka au toleo la zamani, hilo ni punguzo lako, chukua ukimbie. Lakini kuna punguzo linalotoka ndani, mahali usipoona. Fungua mgongo wa multimita ya bei rahisi uangalie fyuzi. Kwenye nyingi utakuta kafyuzi kadogo ka kioo pale ambapo ingekuwa fyuzi kubwa ya kauri iliyojazwa mchanga, ile inayozima cheche badala ya kulipuka nayo. Nje imeandikwa CAT III 600V, na uandishi ni wino tu. (Na hiyo CAT haina uhusiano wowote na Cat 6 ya kebo ya mtandao. Niliulizwa hilo mara tatu mwezi uliopita.)

Mengine ni haya, nayaandika kwa sababu hakuna aliyeniandikia. Testa ya kalamu isiyogusa waya inasikia tu umeme ulio hai. Stima ikizimwa haisikii, na waya ukiwa ndani ya paipu ya chuma haisikii. Kwa hivyo ijaribu kwanza mahali unapojua pana stima, halafu mahali unapotaka kutoboa, halafu rudi pale pa kwanza. Ikinyamaza mara ya pili, betri imekufa na wewe ulikuwa unaifuata. Na kile cha mlio wa kebo za mtandao usikifunge kamwe kwenye waya wa volti 240, hakikutengenezwa kwa hiyo.

Nilirudi Embu baada ya wiki sita. Mjomba alikuja pia, plasta ya hospitali imetoka, mkono bado mwembamba. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akinitazama nikipitisha kifaa ukutani polepole, nikiweka alama kwa penseli kila kilipolia. Mistari ikaanza kuonekana: huu unashuka, huu unakata kona, huu haujulikani unakwenda wapi.

"Sisi tulikuwa tunagonga kwa kidole," alisema.

"Na mara ngapi ulikosea, mjomba?"

Alifikiria. "Mara moja," akasema, akautazama mkono.

Sikumjibu. Nilikuwa nafikiria yule fundi marehemu na bei yake nzuri. Ukipitisha waya mshazari unaokoa labda mita mbili. Mzee alilipa kidogo mwishoni mwa miaka ya sabini, na deni likakaa ndani ya plasta zaidi ya miaka arobaini likimsubiri mjomba wangu. Wala simlaumu sana. Huenda na yeye watoto walikuwa wanangoja unga.

Tulipomaliza rafu niliomba daftari la shule la mjukuu wa mama mwenye nyumba, nikachora kuta nne za jikoni: soketi, swichi, kila waya na vipimo vyake kutoka sakafuni na kutoka mlangoni. Nikaandika tarehe na namba yangu ya simu. Mjomba akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akaongeza kitu nilichokisahau, ile kebo ya antena iliyokatwa. Kisha tukakibandika kile karatasi ndani ya mlango wa kabati la meta, mahali ambapo fundi mwingine atafungua kwanza.

Mama alikitazama, akauliza, "Na hii ni pesa ngapi?"

"Hiyo ni bure, Mama."

"Na kama ningesema sitaki?"

"Ningechora tu," nikamwambia, na mjomba akacheka kwa mara ya kwanza tangu aanguke.