Ushonaji: Mshono wa mwisho ndio uhai wa mto na mwanasesere

Cherehani hushona sehemu kubwa ya mto au mwanasesere, lakini haiwezi kuimaliza kazi hiyo kwa unadhifu. Ni sharti fundi aache mwanya wa kupenyezea pamba, na mwanya huo hufungwa kwa mkono baada ya kujaza.

Aghalabu mwanya huo ndio unaofumuka kwanza. Mto ukifumuka, hasara ni ya pamba na sifa ya fundi. Mwanasesere akifumuka mikononi mwa mtoto, hatari ni kubwa zaidi. Mtoto mchanga hutia kinywani chochote akishikacho, na tonge la pamba au kifungo kilichong'oka laweza kumkaba koo.

Maandalizi

Mwanya uachwe katika upande ulionyooka, wala si kwenye pembe. Sentimita 8 hadi 10 zatosha kwa mwanasesere mdogo, na takriban 15 kwa mto wa kochi. Cherehani irudishwe nyuma mara mbili au tatu katika kila mwisho wa mwanya, la sivyo mshono utaachia wakati mkono unapoingiza pamba.

Kabla ya kujaza, ukingo wa kitambaa ukunjwe ndani kwa sentimita 1 na kupigwa pasi. Mkunjo huo ndio utakaokuwa njia ya sindano.

Kujaza huanzia kwenye pembe, au mikono na miguu ya mwanasesere, kwa matonge madogo madogo. Wanaotumia sufi, ile pamba ya mti wa msufi ijulikanayo sana Pwani, wakumbuke kwamba nyuzi zake ni nyepesi na telezi, na hupenya katika kitambaa chepesi. Mathalan, mto wa leso wahitaji mfuko wa ndani wa kitambaa kilichofumwa kwa kubana, kama vile amerikani.

Uzi wa poliesta hudumu kuliko wa pamba. Urefu wake uwe wa kutoka ncha za vidole hadi kiwiko, yaani sentimita 45 hivi, kwani uzi mrefu hujisokota. Kwa mwanasesere, tumia uzi wa mikunjo miwili.

Mshono uliofichika

Mshono ufaao zaidi ni ule unaopita ndani ya mikunjo, ukivuka mwanya mithili ya vipago vya ngazi. Hatua zake ni hizi:

1. Piga fundo, kisha ingiza sindano kutoka ndani ya mkunjo ili fundo lifichike. Anza nusu sentimita kabla ya mwanya.

2. Vuka hadi ukingo wa pili, mkabala kabisa na pale uzi ulipotokea. Pitisha sindano ndani ya mkunjo kwa milimita 3 hadi 5, kisha uitoe.

3. Rudi ng'ambo ya kwanza vivyo hivyo. Usiende mshazari, kwani kitambaa kitapinda.

4. Kila baada ya mishono minne au mitano, vuta uzi taratibu. Kingo zitakutana na uzi kutoweka. Ukivuta mno, kitambaa kitajikunyata.

5. Pita nusu sentimita baada ya mwanya, piga mafundo mawili, kisha tumbukiza sindano ndani ya pamba na kuitoa sentimita 5 mbali. Vuta uzi kidogo na kuukata karibu na kitambaa. Ncha itazama ndani.

Usalama wa mtoto

Kazi ikiisha, shika pande mbili za mshono kwa vidole gumba na kuvuta kwa nguvu. Ukiona pamba au uzi uliolegea, fumua na kushona upya. Hesabu pia pini na sindano zote ulizoanza nazo. Iliyopungua huenda imo ndani ya mto.

Macho ya mwanasesere wa mtoto aliye chini ya umri wa miaka mitatu yatariziwe kwa uzi badala ya kushonewa vifungo. Sheria ya Marekani iliyoanza kutumika mwaka wa 1980 hupiga marufuku vitu vya kuchezea vya watoto wa umri huo vyenye sehemu ndogo, zikiwemo zinazong'oka, ziwezazo kuingia katika kopo la kupimia lenye kipenyo cha milimita 31.7.

Hata mshono ulio imara hauondoi kila hatari. Wataalamu wa afya ya watoto hushauri kwamba mito na wanasesere laini wasiwekwe mahali anapolala mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, kwa sababu vyaweza kumziba pumzi.

Kila baada ya kufua, mshono ukaguliwe. Uzi mmoja uliolegea hurekebishwa kwa dakika chache, nao wahenga walikwishanena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.