Baridi ya Eastlands: Pima chumba kabla ya kununua hita

Sisi watu wa pwani joto tumelizoea. Baridi tunaisikia tu. Mimi niliijua Julai ya kwanza baada ya kuhamia Umoja kutoka Kisauni. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto huweza kushuka hadi nyuzi 10. Nyumba zetu za Eastlands, kuanzia Buruburu hadi Kayole, ni kuta za mawe na sakafu ya saruji. Hazina kifaa cha kuzipasha joto.

Usiku wa tatu tuliingiza seredani chumbani, tukafunga dirisha. Saa nane mke wangu akaniamsha: kichwa kinamgonga, anataka kutapika. Tukafungua mlango, tukatoka nje. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo humuua mtu akiwa usingizini. Asubuhi yake nilianza kuuliza habari za hita. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, pima. Zidisha urefu wa chumba kwa upana. Kila mita moja ya mraba ikadirie wati 100 kwa juu. Chumba cha mita 3 kwa 4 ni mita 12 za mraba, basi hita ya wati 1,200 inatosha. Ghorofa ya juu kabisa, au nyumba ya mabati isiyo na dari, hupoteza joto upesi. Ziba mianya kwanza.

Pili, gawa nyumba. Hita moja haipashi nyumba nzima milango ikiwa wazi; mimi nilijaribu, tokeni zikaisha kabla ya wiki. Jioni pasha sebule mnapokaa, mlango umefungwa. Ukifika wakati wa kulala, ihamishie chumba cha watoto kwa saa moja, kisha zima. Hita ya wati 1,000 ikiwaka saa tatu mfululizo hula yuniti 3 za stima.

Tatu, angalia soketi. Soketi ya ampea 13 hubeba takriban wati 3,000. Usichomeke hita kwenye ekstensheni pamoja na pasi au birika, wala usianike nguo juu yake.

Januari hadi Machi mambo hugeuka: vyumba vya juu huchemka mchana. Hapo dirisha wazi pande mbili na feni hutosha. Mlioko Mombasa mnaotaka kiyoyozi, kipimo ni kile kile cha chumba: mita 12 za mraba hutoshwa na cha BTU 9,000. Kikubwa kupita kiasi hupoza haraka, hujizima, na kuacha unyevu chumbani.

Mwenye mtoto anayekuja Nairobi kipupwe hiki, amfungie blanketi nzito. Na amwambie seredani ibaki nje.