Bernhard Grzimek

Bernhard Grzimek (Neisse, Silesia, 24 Aprili 1909 – Frankfurt, Ujerumani, 13 Machi 1987) alikuwa daktari wa wanyama, mtangazaji wa televisheni na mhifadhi wa wanyamapori kutoka Ujerumani. Nchini Tanzania anakumbukwa hasa kwa kazi yake ya Serengeti.

Maisha

Mji alikozaliwa leo uko Poland na huitwa Nysa. Mwaka 1945 alikabidhiwa bustani ya wanyama ya Frankfurt, iliyokuwa imeharibiwa na mabomu na kubakiwa na wanyama wachache. Aliiongoza hadi 1974.

Kuanzia 1956 aliendesha kipindi cha televisheni Ein Platz für Tiere (maana yake "Mahali pa wanyama"). Alikaa mezani pamoja na mnyama hai, pengine duma, akazungumza kwa upole na kuwaomba watazamaji michango ya uhifadhi. Husimuliwa kwamba aliwahi kutangaza safari za bei nafuu za kwenda Afrika Mashariki wakati hakuna aliyeziuza. Watu walipoziulizia, mawakala wa usafiri wakalazimika kuziandaa.

Serengeti

Mwishoni mwa 1957 Grzimek na mwanawe Michael waliruka kutoka Ujerumani hadi Tanganyika kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia. Serikali ya kikoloni ya Uingereza ilikuwa na mpango wa kubadilisha mipaka ya Hifadhi ya Serengeti, lakini haikujulikana vizuri nyumbu wanahamia wapi. Baba na mwana waliwahesabu wanyama kutoka angani, wakapata 366,980, na kuonyesha kwamba makundi yalipita nje ya mipaka iliyopendekezwa. Hata hivyo mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa na hifadhi.

Tarehe 10 Januari 1959 ndege iligongana na tumbusi ikaanguka. Michael, mwenye umri wa miaka 24, alifariki. Baba alimaliza filamu yao, Serengeti darf nicht sterben ("Serengeti isife"), iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 1960.

Leo nyumbu wa Serengeti wanazidi milioni moja. Filamu iliipatia hifadhi marafiki na fedha, lakini ongezeko hilo lilitokana zaidi na kutokomezwa kwa sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliowaua pia nyumbu.

Lawama

Grzimek aliamini kwamba binadamu hapaswi kuishi ndani ya hifadhi ya taifa, hata kama ni mwenyeji. Wamaasai waliondolewa Serengeti kwa uamuzi wa serikali ya kikoloni, wakaruhusiwa kuishi Ngorongoro. Wakosoaji wanasema filamu na vitabu vyake viliwazoesha watazamaji wa Ulaya kuiona nchi hiyo kama pori tupu, ilhali wafugaji walikuwa wakiishi humo na mifugo yao. Suala hilo bado ni zito: tangu 2022 serikali ya Tanzania imekuwa ikihamishia familia za Ngorongoro Msomera, wilayani Handeni.

Kifo

Grzimek alifariki Frankfurt akiwa na watoto kwenye maonyesho ya sarakasi. Majivu yake yaliletwa Tanzania, yakazikwa kando ya Michael kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Kaburi lao lina mnara wa mawe wenye umbo la piramidi.