Nani Ameshika Rimoti? TV za Bongo Zilivyobadili Mabosi Huku Nachingwea na Ruangwa Wakisubiri Picha

Namungo ikicheza nyumbani, Uwanja wa Majaliwa pale Ruangwa, kuna jambo linachekesha ukilifikiria vizuri. Mpira unapigwa hapohapo mjini. Ila aliyekaa kwenye kibanda umiza mitaa michache tu kutoka uwanjani anauona baada ya picha kupaa angani, kufika Dar kwa Azam, kupaa tena, ndipo inamrudia kwenye dishi la mwenye kibanda. Na kifurushi kikiwa kimeisha, basi tena, mtasikia kelele za uwanjani kwa masikio yenu wenyewe.

Hapo ndipo ubuyu wa leo unapoanzia. TV unayoiangalia ni ya nani? Na kati ya mwenye stesheni na mwenye king'amuzi, bosi wako hasa ni yupi?

Enzi za redio mkulima

Kwa wanaotokea kusini hii siyo habari mpya: Nachingwea imewahi kutikisa dunia. Waingereza walileta pale mradi wao wa karanga mwishoni mwa miaka ya 1940, ukafeli vibaya. Baadaye wapiganaji wa FRELIMO wakapata kambi yao ya mafunzo hukohuko, wakijiandaa kuikomboa Msumbiji. Magazeti ya nje yaliandika. Lakini watu wa Nachingwea wenyewe hawakuwa na pa kujitazama, kwa sababu Bara hapakuwa na televisheni kabisa. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona TV kama anasa, hela bora iende kwenye shule na zahanati. Wazanzibari wao walishatangulia, tangu 1973 walikuwa na TVZ, tena ya rangi, wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado kwenye nyeusi na nyeupe.

Bara kulikuwa na Radio Tanzania. Mmiliki mmoja, Serikali, na mtambo mmojawapo wa masafa ya kati ukawekwa Nachingwea. Ulisikia ulichopewa, lakini angalau ulisikia sawa na mtu wa Dar.

1994: matajiri waingia mjini

Mwaka 1993 ikapitishwa Sheria ya Huduma za Utangazaji, na watu binafsi wakaruhusiwa. Mwaka uliofuata Dar ikalipuka: ITV ya Reginald Mengi na kampuni zake za IPP, halafu CTN na DTV. Familia zikakusanyika kwa jirani mwenye TV, watoto wanachungulia dirishani.

Ila ruhusa ilikuja na kamba. Mtangazaji binafsi hakuruhusiwa kuenea zaidi ya robo ya nchi. Sasa jiweke kwenye viatu vya mfanyabiashara. Umepewa robo tu, utasimamisha mnara wapi? Utaupeleka wanakokaa watangaza biashara: Dar, Arusha, Mwanza. Wilaya za ndani za Lindi, zenye korosho za msimu na barabara za vumbi, zilikuwa mwisho wa foleni.

Ndiyo maana TV ya Serikali ilikuwa na maana kubwa kusini. Televisheni ya Taifa, TvT, ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2002 ikaunganishwa na Radio Tanzania, zikaitwa TUT, kisha amri ya Serikali ya 2007 ikazaa TBC tuliyonayo. Majina matatu, mwenye mali yuleyule.

Mabosi wanabadilika, mtazamaji haambiwi

Upande wa binafsi ndiko kwenye mambo. Mwanza kuna Star TV ya Sahara ya Anthony Diallo, mwanasiasa aliyewahi kuwa mbunge na waziri wa CCM. IPP wakaongeza EATV kwa ajili ya vijana. Mengi alifariki Mei 2019, na kampuni ikaendelea bila yeye.

Mwaka huohuo ikaja kubwa zaidi: Channel Ten, iliyokuwa chini ya Africa Media Group, ikaingia mikononi mwa CCM pamoja na Magic FM. Nembo ilibaki ileile na namba ya chaneli ileile. Mtu wa Nachingwea aliyekuwa akiangalia taarifa ya habari pale sebuleni alikuwa sasa anaangalia chombo cha chama tawala, na kama hafuatilii magazeti hakuna kilichomgutusha.

King'amuzi ndiye mfalme

Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar, mikoa mingine ikafuata. Watu wengi walilalamikia bei ya king'amuzi. Kilichopita kimyakimya ni hiki: kuanzia hapo mwenye stesheni na mwenye mnara wakawa watu wawili tofauti. Kusafirisha picha wakapewa watatu tu: Star Media, Ting na Digitek. Na Star Media yenyewe ni ndoa, Wachina wa StarTimes wana asilimia 65, TBC ina 35.

Desemba 2013 Azam TV ya Said Salim Bakhresa ikaingia kwa dishi. Satelaiti haijui Ruangwa wala Masaki, inamulika kote sawa. Mtu wa kijijini alipata picha safi kama ya mtu wa Dar, ilimradi alipie.

Halafu Agosti 2018 likatokea la kutokea. TCRA ikasema leseni za Azam, DStv na Zuku ni za chaneli za kulipia, hivyo haziruhusiwi kubeba stesheni za bure kama ITV, Clouds na Channel Ten. Zikaondolewa, TBC ikabaki. Wa Dar alichukua king'amuzi cha antena, maisha yakaendelea. Wa mbali na mnara, ambaye dishi ndilo lilikuwa kila kitu, alilala na ITV akaamka hana. Kisheria hoja ilikuwa kwamba cha bure kisiuzwe. Kwa mtu asiyefikiwa na hicho cha bure, alibaki hana cha bure wala cha kulipia. Chaneli zilikuja kurudi baadaye, lakini somo lilishaeleweka.

Turudi Namungo

Namungo ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, ikafika fainali ya kombe la shirikisho na kufungwa na Simba 2-1 kule Sumbawanga, Agosti 2020. Ruangwa ikaanza kuonekana kila wiki. Mei 2021 Azam ikasaini kuonesha ligi miaka kumi, dau zaidi ya shilingi bilioni 225. Na kumbuka, tajiri huyohuyo ana Azam FC, timu inayocheza na Namungo.

Mgawo wa haki za TV unasaidia klabu ndogo kulipa mishahara, hilo halina ubishi. Lakini Ruangwa inaonekana kwa dakika 90. Bei ya korosho ikianguka au zahanati ikikosa dawa, kamera ile haiko, na anayeamua irudi lini yuko Dar.

Wana Nachingwea na Ruangwa, 2018 chaneli zilipokatwa nyie mlibaki na nini? Tiririkeni.