Mpira, Raba na Sili: Ufundi wa Magari ya Kale katika Karagwe na Kyerwa

Katika Kiswahili cha pwani neno mpira lilitaja mmea utambaao zamani kabla motokaa haijajulikana. Utomvu wa mmea huo, uitwao Landolphia na wataalamu wa mimea, ulikusanywa mwituni, ukaviringishwa matonge, ukauzwa Unguja katika karne ya 19. Na aina yake moja hata imepewa jina la John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza huko. Lakini neno hilo lilipoingia katika karakana lilikuta kazi nyingi mno, na mafundi wakaligawa. Mpira ukawa kitu chenyewe. Raba ikawa kipande chenye umbo, kama raba ya mlango, ya kioo au ya breki. Na sili ikawa ile pete izuiayo oili isivuje penye mhimili uzungukao. Sili imetoka katika Kiingereza, ambako neno hilohilo hutumika pia kwa muhuri na lakiri. Mfasiri akiandika "muhuri wa oili" atakuwa ameshika kamusi na kumwacha fundi.

Karagwe haikujifunza ufundi kwa motokaa. Stanley alipofika kwa Rumanyika mwaka 1876 alionyeshwa hazina ya mfalme, yenye sanamu za wanyama zilizofanywa kwa madini. Mivukuto ya wafua chuma wa nchi hizi za Maziwa ilikuwa mabakuli yaliyofunikwa ngozi laini, nayo ngozi ikikauka na kupasuka, upepo hutoka pembeni na tanuri hupoa. Kwa hiyo kitu chepesi kizuiacho kisivuje kilikuwa na thamani yake tangu hapo.

Kilicholeta shida ni njia. Tangu reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, vipuri vilivyotoka Dar es Salaam vilivuka ziwa kwa meli hadi Bukoba, vikapita daraja la Kyaka juu ya mto Kagera, ndipo vikafika Karagwe na sehemu iliyotengwa mwaka 2012 kuwa wilaya ya Kyerwa. Vingine vilitoka Kampala na Nairobi. Milango hiyo ilifungwa mmoja baada ya mwingine. Baada ya Idi Amin kutwaa serikali mwaka 1971, njia ya Kampala haikutegemewa tena. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983. Na mwanzoni mwa Novemba 1978 majeshi ya Amin yalibomoa daraja lenyewe la Kyaka. Malori na mabasi ya raia yalichukuliwa vitani, na vita vilipokwisha fedha za kigeni zilikuwa haba. Ruhusa kwa mwenye fedha zake nje kuagiza bidhaa haikutolewa hadi 1984.

Ndipo Land Rover na lori za Bedford zilizozeeka zikaishi kwa mpira wa magari mengine. Tyubu kuukuu ilikatwa kwa kisu kilicholowanishwa maji, kwa kuwa kisu kikavu hukwama katika mpira, ikawa raba ya mlango au ya kioo. Ukuta wa tairi ulitoa bushi za springi. Kazi hizo zilifaa, maana adui alikuwa vumbi na mvua tu. Penye oili mambo yalikuwa mengine. Mpira wa asili hunywa oili na petroli, ukavimba na kulegea, hivyo sili ya tyubu haidumu, hata ikikatwa kwa ustadi gani. Fundi mwerevu aliona afadhali kuisogeza kidogo sili ya zamani, ili mdomo wake uguse sehemu ya mhimili ambayo haijalika. Au alisoma namba tatu zilizopigwa juu yake, yaani kipenyo cha tundu, kipenyo cha nje na unene, akatafuta iliyo sawa katika gari la aina nyingine kabisa. Ujuzi huo wastahili heshima kuliko ule wa kukata.

Hatari kubwa ilikuwa katika breki. Mafuta ya breki ya kawaida hayadhuru mpira wa asili, bali oili ya injini huuharibu. Aliyeona chupa tupu akajaliza oili alizifanya raba zote zivimbe, na breki ama zikashika zisiachie au zikakosa nguvu. Na nchi yenyewe ni ya vilima na mabonde, na lori hushuka na shehena ya kahawa.

Siku hizi raba ya mlango hununuliwa kwa mita, na sili za Land Rover za kale zingali zikitengenezwa nje. Mafundi waliokata tyubu wamekuwa wazee, na istilahi zao nyingi hazijaandikwa. Zatofautiana hata katika kuharibika: raba hukauka, mpira hupasuka, bali sili husemwa kuwa imekufa.